Laini ya Mzee Bedan

Nadira alikuwa akimenya viazi nyumbani kwao Landless, mjini Thika, simu ilipolia. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu kasorobo asubuhi. Mpigaji alikuwa Njambi, mwangalizi wa maktaba ndogo ya mtaa kule Ruiru, mwanamke asiyependa salamu ndefu.

"Sasa Nadira. Hiyo kitabu ya mzee wa kiwanda imekuwaje?"

"Imekuwaje vipi?"

"Imejifunga. Nilikuwa nimefika mahali patamu, pale mashine inakula kidole ya mtu, mara giza. Na si mimi peke yangu, wasomaji wanne wamenipigia. Kuna maandishi nyekundu hapa. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Mwenye kitabu amekiondoa. Kitafutwa kabisa leo saa tisa alasiri.' Kwani mzee amekasirishwa na nani?"

Kisu kilimtoka Nadira mkononi, kikazama katika sufuria ya maji. Maneno yale aliyajua, kwa kuwa ndiye aliyeyaandika. Alijua pia jambo ambalo Njambi hakulijua: kikishafutwa, hakuna mtu yeyote duniani angeweza kukirudisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha iwe hivyo.

Nadira alikuwa na miaka ishirini na saba, binti wa Ibra fundi cherehani, na tangu utotoni alikuwa mtu wa vitabu. Alipokuwa mwaka wa tatu chuoni, alijinyima chakula cha mchana muhula mzima ili anunue vitabu saba vya masomo vya kusomea kwenye simu. Wiki moja kabla ya mitihani aliifungua simu akakuta rafu tupu. Kampuni iliyomuuzia ilikuwa imefunga biashara. Alipoandika kulalamika, alijibiwa kwa adabu kwamba hakuwa amenunua vitabu, alikuwa amenunua ruhusa ya kuvisoma. Sentensi hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alihitimu, akakaa mwaka mmoja bila kazi, na mwaka huo akautumia kuunda programu aliyoiita Kabati.

Katika Kabati, kitabu kilikuwa mali ya mwenyewe kweli kweli. Maktaba iliweza kukiazimisha, lakini kama kitabu cha karatasi: nakala moja kwa msomaji mmoja, akimaliza kinarudi. Mchapishaji aliweza kukichapa, lakini idadi ile tu aliyoruhusiwa na mwandishi, kwa maana waandishi wengi wa Thika walikuwa wameumwa na wachapishaji wanaochapa mia mbili mchana na mia tano za pembeni. Na kwa kuwa watu husahau nywila, wala hawafungui barua pepe, Nadira aliamua kwamba mwenye kitabu atatambuliwa kwa namba yake ya simu, na amri zake zote atazitoa kwa meseji. Nani asiyeijua namba yake? Watu wa mjini humo huiandika kwenye mlango wa duka, kwenye geti, kwenye mkokoteni.

"Hata mimi mwenyewe siwezi kukigusa kitabu chako," alizoea kusema mikutanoni, mkono kifuani, na watu walimpigia makofi.

Mzee Bedan alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda kimoja cha nguo, Eneo la Viwanda, hadi kilipofungwa. Alipostaafu aliandika kila kitu katika madaftari kumi na sita: nani alikatika kidole na mwaka gani, mashine ipi ilikuwa na hasira, wanawake wa zamu walivyoficha chai ndani ya makopo ya nyuzi, na asubuhi ile king'ora hakikulia tena. Kyengo, mchapishaji mwenye chumba kimoja na mashine mbili nyuma ya soko, aliyapiga chapa madaftari yote. Kazi ilipoingia Kabati, Kyengo alilifuta faili lake mbele ya mzee, kama sheria ya Kabati ilivyotaka. Madaftari yenyewe yalikuwa yameanza kuliwa na panya. Mzee alimtazama Nadira.

"Iko salama huko ndani?"

"Guka," Nadira alimjibu, akimwita babu kwa Kikuyu, "hakuna mtu atakayekuchukulia."

"Basi hayo tupa," mzee akamwambia Kyengo. Yakaenda na karatasi taka, na huenda yalirudi madukani yakiwa karatasi za choo.

Hiyo ilikuwa Desemba. Januari Mzee Bedan alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Binti yake Rachael alimchukua akamtunza kwake Nyandarua kwa miezi saba, na aliporudi naye Thika alikuwa amemnunulia simu mpya yenye laini mpya. Ile ya zamani ilibaki kwenye droo, imezimika. Yote hayo Nadira aliyasikia. Hakuyaunganisha.

Sasa, akiwa amechuchumaa jikoni, aliipiga ile namba ya zamani. Ililia mara mbili.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Samahani, naomba kuongea na Mzee Bedan."

"Haiya! Bedan tena! Wewe ni wa ngapi? Nimenunua hii laini wiki tatu, na kila siku ni Bedan, Bedan. Watu wa kanisa wananiuliza mbona sikuja maombi. Mimi ni Mwislamu!"

Nadira aliketi sakafuni. Laini isiyotumika kwa miezi mingi kampuni ya simu huichukua ikamuuzia mtu mwingine. Kila mtu Kenya analijua hilo. Yeye, aliyesomea kompyuta miaka minne, alikuwa amekifunga kitabu cha mzee kwa kitu ambacho mzee alikuwa amekikodi tu.

"Dada, kuna meseji ulipata, kuhusu kitabu kuazimwa..."

"Aaa! Kumbe ni nyinyi! Nilijua mtapiga. Nilijibu tatu, eeh. Imeandikwa 'tatu, kukiondoa kabisa', nikasema asante Mungu, kiondoke. Mnasajili vitu kwa laini ya mtu, kesho niambiwe ninadaiwa!"

"Hakuna deni, nakuapia. Nakuomba tu ujibu sifuri, halafu utaletewa namba ya siri..."

Sauti ya mwanamke ilishuka chini.

"Namba ya siri. Sikiza, msichana. Hiyo maneno ndiyo ilinimaliza mwaka jana. Stoki yangu yote ilienda nikibonyeza bonyeza hivyo. Kama wewe si tapeli wa jela, kuja Githurai 45, uliza Amida wa viatu, Mama Rayan. Kila mtu ananijua. Kuja uniangalie kwa macho! Lakini huwezi, kwa sababu mnapigia watu mkiwa ndani ya jela!"

Akakata. Nadira alipopiga tena, simu haikuingia. Alikuwa amezuiwa.

Aliufikiria ufunguo. Kitabu kilifungwa kwa ufunguo wa hesabu uliotii namba moja tu ya simu, na aliuweka mahali ambapo yeye mwenyewe hakujiachia mlango. Angeweza kukinakili mara mia, akapata masanduku mia yasiyofunguka. Saa tisa ufunguo ungejiharibu.

Njia ya kutokea mtaani ilipita mbele ya nyumba ya mzee. Nadira alitamani kuzunguka nyuma, akaona aibu. Mzee Bedan alikuwa ameketi kibarazani, akifinya mpira mdogo kwa mkono mgonjwa kama alivyoagizwa hospitalini. Alimwona, akainua mkono wa kushoto. Nyuso za watu wa kiharusi hucheka upande mmoja, na upande huo ulimcheka Nadira kwa furaha.

"Ki...tabu?" aliuliza.

"Kiko, Guka. Jumatatu Kyengo anachapa." Maneno yalimtoka yenyewe. Rachael alikuwa amewaonya majirani wote: daktari amekataza ashtuliwe, kiharusi cha pili hakina msamaha. "Niko mbio kidogo, nitarudi."

Hakugeuka nyuma. Alihisi macho ya mzee mgongoni hadi alipokata kona.

Kyengo alikuwa akikata karatasi. "Injinia! Kuja uone jalada. Limefika jana, gumu kama mlango."

"Kyengo, uliweka nakala?"

"Ya nini?"

"Ya kitabu cha Mzee. Hata kwa siri. Sitakulaumu, nakuapia sitakulaumu."

Kyengo aliweka kisu chini. "We, si ulinifanya nifute mbele ya mzee na mashahidi wawili? Hata pipa la kompyuta nikalimwaga. Maisha yangu yote naitwa mwizi wa vitabu, siku moja nikakuwa mwaminifu, ndiyo unaniuliza hivyo?" Aliona uso wake, kicheko kikamwisha. "Nini imefanyika?"

Alimweleza. Kyengo alipekua meza nzima, akapata karatasi moja, ukurasa wa kwanza aliouchapa kujaribu ukubwa wa herufi. Ukurasa mmoja kati ya mia mbili na kumi na mbili. Nadira aliukunja akauweka kwenye mkoba, na kadiri alivyoukunja ndivyo ulivyoonekana kama tangazo la matanga.

Alifika Githurai 45 saa saba unusu, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na ajali. Soko lilikuwa limefurika. Aliuliza Amida wa viatu, akaonyeshwa huku, akaonyeshwa kule, hatimaye akafika kwenye meza yenye milima ya viatu vya mitumba, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mama Rayan ameenda kuswali," alisema jirani muuza nyanya. "Akitoka huko anapitia kwa dada yake. Ngoja tu. Unataka raba?"

Alingoja. Alisimama, akaketi, akasimama. Saa nane ikapita. Kila mwanamke aliyevaa mtandio alimfanya ainuke. Alimwazia mzee akifungua kitabu Jumatatu na kukuta hakuna, akitafuta neno la kusema na ulimi usimsaidie. Aliwaza: mkono wake hauandiki tena. Hata angeishi miaka ishirini, hataandika tena.

Saa nane na nusu Amida alirudi, mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye funguo shingoni.

"Mama Rayan? Mimi ndiye Nadira. Wa kitabu. Umeniambia nije."

Amida alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Kumbe umekuja."

"Nimekuja."

"Na hijabu umevaa. Matapeli siku hizi pia wanavaa hijabu."

Muuza nyanya alicheka. Nadira alitoa ule ukurasa kwa mikono miwili. Amida aliusoma midomo ikichezacheza, akaufikia mwisho, akaugeuza nyuma kuona kama unaendelea. Kisha akaurudisha.

"Tamu. Lakini karatasi hata mimi naweza kuchapisha pale kwa saiba ya kompyuta."

"Chukua kitambulisho changu. Chukua simu yangu, ukae nayo."

"Sitaki simu yako. Nataka kujua kama kuna mzee." Amida alitoa simu yake, akaishika kifuani kama mtoto. "Hapa kuna meseji zake kama thelathini. Nimezisoma zote, Mungu anisamehe. Watu wa kanisa, wale wa mazoezi ya mkono. Na kuna jina wanamwita. Si Bedan. Niambie ni gani, nami nitabonyeza."

Jina? Nadira alimjua mzee kwa Guka tu. Alizijua mashine zake, vidole vya wenzake, chai ya makopo. Hakuwahi kukanyaga kanisani kwake. Aliangalia saa: tisa kasoro dakika ishirini.

Palikuwa na njia moja ya kulijua, na ndiyo aliyokuwa ameikwepa tangu asubuhi. Alimpigia Rachael, akaweka sauti ya nje.

"Nadira! Baba anakuulizia. Anasema ulipita kama umefukuzwa na mbwa."

"Mpe simu, tafadhali. Na wewe kaa karibu naye. Mshike."

"Kuna nini?"

"Mshike tu, Rachael." Alisikia simu ikisogezwa kwa mzee. "Guka, ni Nadira. Asubuhi nilikudanganya. Kitabu chako kinaweza kupotea leo, saa tisa. Kosa si la mtu mwingine, ni langu. Nilikifunga kwa laini yako ya zamani, na laini ina mtu mwingine sasa."

"Nadira, unasema nini?" Rachael alipiga kelele. "Unataka kumuua? Baba, tulia, Baba..."

Kisha hakukusikika ila pumzi. Pumzi ndefu, yenye kukwaruza. Nadira aliihesabu, akingoja ikatike, na soko lote lenye kelele likawa limeenda mbali naye.

"U...lisema," sauti ya mzee ilikuja, "ha...kuna... mtu."

"Nilisema, Guka."

"Hata... we...we."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

Amida aliinyakua simu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mzee, habari yako. Mimi ndiye nilinunua laini, sikujua ni yako. Usijali, usiogope. Niambie kitu moja tu. Watu wa kanisa wanakuita nani?"

Pumzi tena. Walisikia mzee akilitafuta neno, akilikosa, akianza upya. Rachael alianza kulisema kwa niaba yake, Amida akamkatiza: "Wacha yeye mwenyewe!"

"Bo," alisema mzee. "Bo...bini."

"Mzee wa Bobini," Amida akasema polepole, na Nadira, binti wa fundi cherehani, akakumbuka bobini, kile kigurudumu cha uzi. "'Mzee wa Bobini, tumekukosa Jumapili.' Eee. Ndiyo hiyo." Akamrudishia Nadira simu, akashika yake mwenyewe. "Sifuri, umesema?"

"Sifuri."

Alibonyeza. Hakuna kilichokuja. Mtandao wa sokoni ulikuwa mzito, mishale miwili midogo ikizunguka pembeni mwa kioo. Nadira aliuma mtandio wake. Dakika kumi na moja. Dakika tisa. Meseji ikaingia. Amida akamgeuzia mgongo, akaificha simu ndani ya boksi la viatu, akaandika namba zile moja moja kwa kidole kimoja, akisema kwa sauti kubwa, "Na usinichungulie!"

Dakika sita kabla ya saa tisa, simu ililia ndani ya boksi.

"'Kitabu chako kimebaki,'" Amida alisoma.

Nadira alimpigia Njambi. "Fungua. Fungua uniambie."

"Ngoja... Imefunguka. Ukurasa wa mia na kumi. Sasa niache nisome."

Nadira aliketi juu ya rundo la viatu. Hakuhisi furaha. Alikuwa kama mtu aliyevutwa kutoka barabarani lori likipita, na kila alipofumba macho alisikia ile pumzi.

"Usinishukuru bado," Amida alisema, akimpa maji. "Katika hiyo programu yako kitabu bado ni changu, sivyo? Sikupi wewe. Nitampa mwenyewe, mkononi."

Alifanya hivyo. Jumamosi alikuja Landless na champali zisizoteleza alizomchagulia mzee, akaketi naye kibarazani, akabonyeza alichoelekezwa, kitabu kikaenda kwa laini mpya. Jumatatu Kyengo alichapa, na Mzee Bedan aliketi kwenye kiti karibu na mashine tangu asubuhi, akizikamata karatasi kwa mkono wa kushoto zingali na joto. Hakuwa amemwambia Nadira neno tangu Alhamisi. Rachael alikuwa akimsalimu kwa kidevu.

Nadira alisimama mlangoni. Alikuwa ametayarisha maneno mengi: kwamba ataibadilisha Kabati, kwamba ufunguo wa kila kitabu utashikwa na watu watatu waliochaguliwa na mwandishi, kwamba hatasema tena "hata mimi siwezi" kana kwamba ni sifa. Mzee alimwita kwa kichwa. Alipoinama, alimshika mkono wa nguo.

"We...ngine?" aliuliza.

"Wengine nani, Guka?"

Mzee aligonga karatasi kwa kidole. Vitabu. Vitabu vya wengine.

Alikuwa amelikimbia wazo hilo siku nne nzima. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi ya duka la jirani, akafungua orodha. Waandishi arobaini na watatu, namba arobaini na tatu. Alianza juu. Wa kwanza alipokea, mwalimu wa Juja, akashangaa kuulizwa kama ni yeye. Wa pili alipokea, Wangechi wa mashairi, akacheka. Wa tatu hakupatikana, na Nadira aliandika jina lake pembeni amtafute haraka, kwa sababu laini isiyopatikana ni laini ambayo bado haijauzwa, lakini kesho huenda ikauzwa. Wa nne, Erastus, alikuwa ameandika habari za baba yake aliyechimba kokoto. Simu ililia muda mrefu.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake muziki mkubwa.

"Naomba Mzee Erastus."

"Hapana, si kwake. Umekosea. We ni nani?"

Ndani, mashine ya Kyengo ilikuwa ikipiga mdundo wake. Nadira alisimama wima.

"Naitwa Nadira. Tafadhali usibonyeze chochote. Niambie tu uko wapi, nitakuja mwenyewe."